Mama Mkwe wa Kupigwa Picha

"Rudia ulichowaambia wale wageni," Selina alisema. "Rudia kwa Kiswahili, mama asikie."

"Punguza sauti. Majirani watatusikia."

"Majirani wameshamwona mama yangu amekalishwa kwenye majivu kama mkiwa. Sauti yangu itawaongezea nini?"

Elias alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. Alikuwa mtafiti wa mradi wa kuwainua wanawake wa kando ya ziwa, na Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa amuoe Selina. Matangazo ya ndoa yalishasomwa kanisani. Ng'ombe wa mahari walikuwa zizini, hapo hapo uani kwa kina Selina, Buhongwa, wakicheua bila habari.

Nyuma ya ukuta wa jiko la nyasi alijibanza Mama Dorotea, mama yake Selina, kanga imemfika puani. Kwa Wasukuma mama mkwe hatazamani na mkwe wake, wala hasemi naye ana kwa ana. Na mkwe akiomba jambo, mama mkwe hamkatalii. Elias, mzaliwa wa Magu, aliyajua hayo tangu utotoni.

Mchana ule alikuja na Wazungu wawili, wafadhili wa mradi. Akawatangulia, akasimama nje ya jiko akaomba kwa upole: mama avue viatu, ajifunge ile kanga kuukuu, akae chini jikoni. Mama akafanya.

Selina alikuwa anarudi kutoka kwa fundi, gauni la harusi likiwa kwenye mfuko wa rambo, aliposikia mahojiano kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa. Mzungu aliuliza ile nyumba ya bati ni ya nani. Elias akiwa nje ya ukuta wa jiko, mama akajibu kwa Kisukuma kuwa ni yake. Viwanda vya sangara vilipofunguliwa, minofu ikaenda Ulaya, mifupa ikabaki Mwanza. Yeye akainunua hiyo mifupa, hayo mapanki, akakaanga, akauza, akachoma tofali, akajenga.

Elias akatafsiri kwa Kiingereza: nyumba ni ya mwenye kiwanja, mjane huyu analala jikoni, na mapanki ndiyo chakula chake pekee.

Selina alikuwa mwalimu. Alielewa kila neno.

"Ile ni lugha ya kazi," Elias alisema sasa. "Mfadhili hatoi kitu mpaka aone mtu analala jikoni."

"Mama halali jikoni."

"Mwaka huu analala. Mwakani nawarudisha hapa hapa, tunampiga picha kibarazani, nyumba ya tofali, bati linang'aa. Utafiti unaonyesha mradi umemtoa kwenye majivu. Napandishwa cheo, wewe mwenyewe unafaidi."

Selina akamtazama yule mwanamume ambaye yeye alitaka kumzalia watoto.

"Selina," mama aliita kutoka nyuma ya ukuta, "mwambie mkwe wangu bati hilo niliezeka kabla huo mradi wake haujazaliwa."

"Amesikia, mama."

"Mwambie hivyo hivyo. Mimi siongei naye."

"Elias, mama anasema bati aliezeka kabla mradi wako haujazaliwa."

"Nimesikia," Elias alisema kwa uchovu. "Lakini mama mwenyewe hakukataa."

"Angekataaje? Mkwe amesimama nje ya jiko anaomba, ng'ombe wake wako zizini. Ungemwomba aingie kisimani angeuliza aanze na mguu upi. Ndiyo maana ulikuja nikiwa kwa fundi."

Elias akairudisha miwani usoni.

"Na umwambie," mama aliendelea, "hii kanga aliyonivisha ni ya kufunikia mapanki. Nzi wamenitembea mdomoni wale watu wakinipiga picha. Nimeona haya mpaka nikasahau jina la baba yangu."

Selina akafumba macho.

"Mpenzi, kesho utanishukuru," Elias alisema, akimshika mkono. "Tutahamia Kiseke. Mama tutamjengea."

"Ameshajenga."

"Sikiliza. Wageni wamekwenda ziwani kupiga picha mitumbwi, watarudi muda si mrefu. Wanataka picha moja tu, mama akiwa anakula. Mwekee vichwa vya samaki kwenye sufuria. Ugali usiweke. Tukimaliza hiyo, nitampigia magoti yeyote unayetaka."

Selina akautoa mkono wake. Akaupangusa kwenye sketi.

Baba yake mdogo, Mzee Mhoja, alikuwa kwenye lango la zizi akisokota kamba, masikio yote uani.

"Baba mdogo, mahari hurudishwa siku gani?"

"Siku yoyote ambayo ng'ombe wana miguu," alijibu, akaweka kamba chini.

Elias akacheka kidogo. "Mzee, usimsikilize. Hasira za bibi harusi hizi. Ng'ombe wa ukoo hawaondoki bila kikao."

"Ndugu zako waliniachia mimi hao ng'ombe. Mtoto amekukataa. Kikao kingine cha nini?"

"Selina, watu wamealikwa. Gauni limeshonwa."

"Nitalivaa Krismasi."

Akaliweka gauni kizingitini, akaenda zizini, akaivuta miiba ya langoni kwa mikono yake. Ng'ombe wakasita, kisha jike moja likatoka na wengine wakafuata, wakimpita Elias pande zote mbili. Mmoja akamwaga kinyesi karibu na kiatu chake. Mzee Mhoja akashika fimbo, akawaelekeza barabara ya Usagara, kwa mjomba wake Elias, walikotoka.

Mkia wa mwisho ulipovuka ua wa minyaa, Mama Dorotea alitoka nyuma ya jiko. Alikwishaitupa ile kanga, amebaki na gauni lake la kitenge, uso ameunawa, viatu miguuni. Akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Elias, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

Elias akainamisha kichwa kwa mazoea.

"Nitazame," mama alisema. "Leo wewe si mkwe wangu."

Nje gari la wageni lilipiga honi.

"Sasa nenda kawapokee," alisema, akivuta kiti akakaa kibarazani mwake. "Utafsiri vizuri. Mwalimu atakuwa anasikiliza."