Sauti Iliyotoka Malindi

Jumatano ya tarehe kumi na mbili Juni, saa nane na dakika ishirini mchana, mtambo ulimpigia Klara simu, ilhali mtambo wenyewe ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Ilham ndiye aliyeuzima. Ofisi yao, juu kidogo ya soko la Lushoto, ilitengeneza programu ya kuwapigia wajawazito wa milimani na kuwakumbusha kliniki kwa Kishambaa. Hakuna mtu aliyekaa akazungumza. Ilham alikuwa ameifundisha kompyuta sauti ya mwanamke mmoja, nayo ikaweza kutamka jina lolote ililopewa. Klara, mwenzake aliyekuwa na mimba ya miezi minane, alikuwa ametoa namba yake wafanyie majaribio.

“Mtambo unakupenda kuliko mumeo,” bosi wao Paskali alimtania. “Pokea, usije ukanuna.”

Klara akaweka spika. Ilisikika pumzi kwanza, kisha sauti ile nzito, safi, ikatoa salamu ya mchana ya Kishambaa: “Onga mshi, Klara, mtoto wa Lucy.” Simu ikakatika.

“Dada Ilham,” Klara alisema taratibu, “jina la mama yangu mmelitoa wapi? Sikuliandika popote.”

Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya ukungu, lakini harufu ya udi ikapita katikati ya meza zao.

“Nani anachoma udi humu?” Paskali aliuliza.

Ilham aliinamisha uso. Wenzake wote waliamini sauti ile ni ya mtangazaji wa redio aliyelipwa, kwa kuwa ndivyo alivyowaambia. Kumbe ilikuwa imetoka Malindi, ile ya huku huku milimani Lushoto, kinywani mwa shangazi yake Mwanaidi, tena haikuwa ya shangazi. Mwanaidi alikuwa kiti cha jini la ukoo. Jioni moja lilipompanda, Ilham aliificha simu chini ya kanga akarekodi yote, kwa sababu sauti ya shangazi ilikuwa ya kukwaruza, na ile nyingine ilikuwa nzuri mno.

Sasa alifuta faili, akafuta na nakala zake, akachomoa waya wa mtambo ukutani, na bado simu ya Klara iliita, ikaita tena, huku ukungu ukijibandika kwenye vioo kama mtu anayechungulia, na udi ukizidi kukolea hadi Paskali akaanza kukohoa, na Klara akishika tumbo kwa mikono miwili, akinong’ona kwamba kila simu inapoita mtoto anageuka, anageukia upande wa simu.

Ilham alijifungia chooni, akampigia Mwanaidi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Mbona unanong’ona? Mko msibani?”

Akamweleza. 

“Ndiyo maana kichwa changu ni chepesi,” Mwanaidi alisema. “Nikadhani limeonea huruma uzee wangu. Ilham, kila anayeingia pale linaponipanda huomba ruhusa kwanza. Hata jirani yangu Kornelio, na ulevi wake, huomba. Wewe msomi wetu ukaiba?”

“Nisamehe, shangazi.”

“Siku ile nilipokuletea mapeasi, ukawaambia wenzako mimi ni mama muuza matunda. Nilisikia. Nikanyamaza, nikaondoka. Mimi nilinyamaza, mwanangu. Lenyewe halinyamazi.”

Machozi yalimtoka Ilham. “Linataka nini?”

“Kiti. Litamwita huyo binti mpaka aitikie. Akisema abee tu, limeshakaa, kwake au kwa huyo aliyembeba.”

“Njoo ulichukue, tafadhali.”

“Kwangu halirudi, limeshaonja njia. Litakwenda kwa damu ya ukoo, kama damu hiyo itaitikia kwa hiari yake. Mbele za watu, si chooni.”

“Mbele za watu?” Ilham aliuliza, na papo hapo uso ukamwaka moto, kwa kuwa hilo ndilo lililomtoka kwanza, kabla ya Klara, kabla ya mtoto.

Alirudi mezani akamwambia Klara azime simu aende nyumbani, na hata ikiita asiitikie. Hakumweleza kwa nini. Alichosema ni, “Kuna hitilafu.”

Asubuhi wageni walifika kutoka Dar es Salaam kuona programu. Paskali alikuwa akiwamiminia chai, akiwasifia mtangazaji wao, Klara alipoingia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Simu ilikuwa mkononi, kioo cheusi, imezimwa. Ikaita.

Wageni wakatabasamu, wakidhani ni maonyesho.

“Klara, mtoto wa Lucy,” sauti ilisema, bila mtu kupokea. Udi ukajaa chumba. Tumbo la Klara likasogea chini ya gauni, wazi, wote wakaona. Naye, binti aliyelelewa akalelewa vizuri, akafumbua midomo aitikie.

Ilham aliipokonya ile simu.

“Mwache,” alisema. “Bosi, hatukuwahi kuwa na mtangazaji. Yule mama wa mapeasi ni shangazi yangu, dada wa baba yangu. Sauti hii niliiba kwake.”

Paskali alibaki ameshika chupa ya chai. Mgeni mmoja alicheka kidogo, akaacha.

Simu ikanyamaza. Kisha, kwa upole mkubwa, kama bibi anayemwita mjukuu jikoni:

“Ilham, mtoto wa Hidaya.”

Aliwatazama wote, mmoja mmoja.

“Abee,” akaitikia.