Usipoandika Rangi, Tunakuchagulia

Ramadhani hapa kwetu Pekalongan, mji wa batiki, ni mwezi wa cherehani. Tukishakula daku na kuswali, mimi nawasha taa na kuanza kushona. Mume wangu, Baba Sekar, anakaa sebuleni na simu yake, mifuko na selotepu. Mimi nashona, yeye anauza. Duka letu liko mtandaoni. Tunauza sare za batiki za Idi: shati la baba, gauni la mama, nguo ya mtoto, zote za kitambaa kimoja. Huku kwetu familia ikitokea siku ya Idi bila sare, watu wanadhani imegombana njiani.

Kabla ya hapo nilikuwa nashona kwenye karakana ya Bi Haji Maemunah. Mgongo ulinikomesha. Nilipoaga, Bi Haji aliniambia, "Kiti chako nakuwekea mpaka Idi. Mambo yakikushinda, rudi." Sikutaka kurudi. Duka lisiposimama kabla ya Idi, ningerudi nikitaka nisitake.

Na duka lilikuwa halisimami. Sikilizeni wenyewe.

"Mama Sekar! Oda imeingia!" mume wangu akaita asubuhi moja.

"Rangi gani?"

"Hajaandika."

"Saizi?"

"Hajaandika pia."

"Sasa natuma nini, Baba Sekar? Natuma dua?"

"Chagua tu. Tumeshawaambia."

Kweli, alikuwa amewaambia. Kwenye duka lake aliweka picha moja, nguo zote zimetundikwa kwenye kamba, bei moja. Chini kabisa aliandika: "Andika rangi na saizi kwenye ujumbe. Usipoandika, tunakuchagulia." Wauzaji wengi wa hapa wanaandika hivyo, na wanaona wamemaliza kazi.

Basi tukachagua. Yule mteja alinunua vipande vitatu kwa nyakati tofauti. Baba alipata shati la kijani, mama gauni jekundu, mtoto nguo ya rangi ya chungwa. Wakajipanga mlangoni kwao, wakapiga picha, wakaibandika dukani kwetu na nyota moja kati ya tano. Chini waliandika: "Tuliomba sare, tumeletewa taa za barabarani."

Jamani! Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Si wamekosa wenyewe?" Baba Sekar akasema. "Watu hawasomi!"

"Kama unajua hawasomi, kwa nini unawaandikia?"

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Galuh, jirani yetu anayeuza ndala mtandaoni. Mikononi alibeba rundo la vifurushi.

"Haya, vya kwenu hivi. Mleta mizigo hakuwakuta, kaniachia mimi. Vyote vimerudishwa. Jamani, nyumba yangu si ghala."

Nilitaka kulia. Nikamweleza kila kitu. Mama Galuh akamtazama mume wangu.

"Baba Sekar, ukienda kununua viatu, muuzaji akakwambia lipa kwanza, namba ya mguu andika kwenye kikaratasi, utakubali?"

"Siwezi kukubali."

"Mbona wewe unawafanyia wenzio? Mnunuzi hasomi, anabonyeza. Mpe cha kubonyeza."

Akachukua simu, akatuonyesha. Duka linaruhusu kuweka chaguo. Chaguo la kwanza liwe rangi, na kila rangi iwe na picha yake. Chaguo la pili liwe saizi: baba wa kati, baba mkubwa, mama wa kati, mtoto wa miaka mitano. Mnunuzi hawezi kulipa mpaka achague vyote viwili.

"Na vipimo viandikwe kwa sentimita," akasema. "Kifua upana gani, urefu gani. Mkubwa wa kwako ni mdogo wa mwenzako. Shati la mikono mirefu linakula kitambaa zaidi, basi nalo lipewe bei yake."

"Mambo mengi," mume wangu akanung'unika.

"Hivi vifurushi vilivyorudi je, vichache?" nikamuuliza.

Alijifungia na simu kutwa nzima. Jioni, kabla ya kufuturu, akanipa simu huku anatabasamu. Nikasoma majina ya rangi. Moyo wa Alasiri. Bahari Inayowaza. Siri ya Msitu.

"Baba Sekar, alasiri ina rangi gani?"

"Kama chungwa lililoiva."

"Basi andika rangi ya chungwa!"

"Haina mvuto."

"Mteja anataka gauni, hataki kutongozwa!"

Akafuta, huku amenuna. Ikawa chungwa, bluu, kijani, nyekundu. Nikadhani tumevuka.

Wapi! Kesho yake oda ikaingia kutoka Semarang. Rangi imechaguliwa, saizi imechaguliwa, kila kitu safi. Nyekundu, mtoto wa miaka minane. Nikaenda kwenye rafu. Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Halafu nikakumbuka: nyekundu ya watoto sijawahi kushona kabisa. Kitambaa chekundu kiliishia kwenye magauni ya mama, na mtia rangi wetu alishafunga kazi, ameenda kwao kwa ajili ya Idi.

"Baba Sekar, hii nguo umeiuzaje? Haipo!"

"Kwenye simu zipo kumi."

"Nani kasema kumi?"

"Simu ilifungua visanduku vingi, kila kimoja kinauliza idadi. Nikajaza kumi kila mahali."

Nilikaa sakafuni. Kumi kila mahali! Mtu mzima, na akili zake! Tukamwomba yule mama wa Semarang radhi, tukamrudishia pesa. Akajibu, "Ndugu zangu, mlisema zipo. Baba yake na mimi tumeshanunua zetu. Sasa mtoto avae nini?" Kichwani nilikiona kile kiti cha karakana, kimewekwa tu kinanisubiri.

Nikamwita tena Mama Galuh. Safari hii nilimshika mkono, nikamkalisha karibu na mume wangu.

"Simu inazidisha," Mama Galuh akasema. "Ukiipa rangi nne na saizi sita, inafungua nafasi ishirini na nne. Haijui umeshona nini. Usichoshona, weka sifuri, mteja hataweza kukibonyeza."

"Na nilichoshona?"

"Kihesabu kwa mkono. Usihesabu kwa kukumbuka."

Tukashusha rafu yote chini. "Usiache hata moja," nikamwambia mume wangu. Tukapanga kila rangi na saizi mafungu mbalimbali. Kila fungu tukaliwekea alama fupi kwenye mfuko: KJ kwa kijani, halafu baba, mama au mtoto, halafu saizi. Alama hiyo hiyo mume wangu akaiweka kwenye simu. Oda ikiingia, nasoma alama, nachukua mfuko wenye alama hiyo. Hatubahatishi tena.

Siku ya pili tu, nikamkuta anamuuzia mpita njia shati mlangoni.

"Umeshalipunguza kwenye simu?"

"Nitapunguza baadaye."

"Sasa hivi! Baadaye ndiyo ile ya Semarang!"

Akapunguza. Nikishona jipya, naye anaongeza. Alilalamika siku chache, halafu akazoea. Baada ya wiki nikamsikia anamfundisha shemeji yake kwa simu, kwa sauti kubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyegundua. "Mnunuzi hasomi, kaka! Anabonyeza!" Nikamwacha ajidai.

Vifurushi vikaacha kurudi. Mteja mmoja akaandika, "Vipimo ni vilevile, hata mkwe wangu mnene shati limemkaa." Nyota zikapanda. Mashati yakaanza kuisha, na yakiisha simu inasema yameisha, hakuna anayetutukana.

Usiku wa kuamkia Idi, wali uliofungwa kwenye majani ya mnazi ukiwa jikoni, nikaenda kuchukua gauni langu. Lilikuwa la kijani. Nilikuwa nimejishonea na kuliweka rafu ya chini.

Rafu ilikuwa tupu.

"Baba Sekar, gauni langu liko wapi?"

Akawa mdogo. "Lile la kijani, mama wa kati? Nilihesabu kila kitu kilichokuwa kwenye rafu. Wewe ndiye uliyesema nisiache hata moja. Limenunuliwa juzi. Lilikuwa la mwisho."

Nilimtazama mpaka akaingia chooni.

Asubuhi tukaenda kuswali Idi uwanjani. Mume wangu na mtoto wetu Sekar walivaa mashati ya zamani yasiyofanana, mimi nikavaa gauni langu lililopauka mabegani. Bi Haji Maemunah akanikuta tunapeana mikono na majirani. Akanitazama juu hadi chini.

"Mama Sekar, mwezi mzima unawashonea watu sare, halafu wewe umevaa hivi? Mambo yamekushinda?"

"Langu limeuzwa, Bi Haji. Yote yameuzwa. Nyumbani hakuna hata kipande."

Akaligusa gauni langu begani.

"Kwa hiyo kile kiti nimpe mtu mwingine?"

"Mpe, Bi Haji. Mpe leo leo."