Kamba Namba Moja

«Watu wote wa Uvira wanatangaziwa kwamba mikaratusi ya barabara ya ziwani, ambayo idadi yake ni arobaini na moja, imepewa namba. Kuanzia leo kila mti utaitwa kwa namba yake na si vinginevyo. Ni marufuku kufunga mbuzi, kuanika nguo au kuegemeza baiskeli kwenye mti wenye namba. Imetolewa na Halmashauri ya Kupendezesha Barabara, Machi 1954.»

Karani Sévère alilisoma tangazo hilo mara mbili, Jumatatu asubuhi, mbele ya wanawake waliokuwa wakipeleka ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni na wanaume wawili waliokuwa wakingoja mvua ipungue. Hakuna aliyeuliza swali. Mbuzi walihamishiwa kwenye uzio wa jirani, ambao haukuwa na namba.

Gaspard, mpogoaji wa miti hiyo, aliijua bila namba. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akiikwea na kuondoa matawi makavu kabla hayajawaangukia wapita njia. Vifaa vyake vilikuwa vichache: msumeno wa upinde, panga fupi, mkanda mpana wa ngozi, ndoo ndogo ya lami ya kupaka pale tawi lilipokatwa ili maji yasiingie ndani, na kamba moja ya katani, mali ya Halmashauri, yenye urefu wa mita arobaini. Alikuwa ameomba kamba ya pili mara tatu. Mara tatu alijibiwa kwamba ombi lake linachunguzwa.

«Msumeno ukivunjika, unashuka,» alizoea kusema. «Kamba ikikatika, unashuka pia, ila si kwa mapenzi yako.»

Mlinzi wa kamba alikuwa binti yake Pétronille, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano katika shule ya masista. Kila siku alasiri Gaspard aliporudi kazini, Pétronille aliipokea, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akaikunja na kuitundika kwenye kigingi ukutani, mbali na jiko na mbali na sakafu. Haikuruhusiwa kufungia mbuzi, kutekea maji wala kuanikia nguo. Siku moja alimsikia baba yake akiwaambia wanaume nje ya nyumba: «Kamba yangu inatunzwa na Pétronille. Ndiyo maana bado nina miguu miwili.» Maneno hayo hakuyarudia kwa mtu yeyote, wala hakuyasahau.

Alhamisi ya juma lile upepo mkali ulivuma ziwani. Déogratias, kaka wa mama yake Pétronille, ambaye alikuwa mvuvi, aliingia uani akikimbia, nguo zikichuruzika maji.

«Pétronille! Mama yako iko wapi?»

«Ameenda sokoni, mjomba.»

«Basi weye ndiye mkubwa wa nyumba. Nipe ile kamba. Mawimbi yanautafuna mtumbwi wangu kwenye mawe.»

«Baba amekataza.»

«Baba yako amekataza mbuzi. Mtumbwi una pembe?»

Pétronille alisitasita. Mtumbwi ule ulilisha watoto watano, nao alikuwa akiwajua wote kwa majina. Aliitoa kamba, akafuatana na mjomba wake ili aichunge. Wanaume sita waliukokota mtumbwi mpaka mchangani, ukapona. Lakini katika haraka ile sehemu ya kamba ilikuwa imetupwa juu ya makaa ambayo wanawake walikuwa wameyaacha baada ya kukausha samaki. Pétronille alipoinua pua, harufu ilikuwa imeshatoka. Pahali penye upana wa kiganja palikuwa pamegeuka rangi ya tumbaku.

«Mjomba, imeungua.»

Déogratias aliipinda, akaivuta kwa mikono miwili. «Hii? Kamba zangu zote zimeungua kupita hii, na ziko majini kila siku. Ipake mawese, italainika, itarudi kama zamani. Baba yako asipoambiwa hatajua. Akiambiwa, atakunyang'anya kamba pamoja na kigingi chake.»

Hakuwa na nia mbaya. Kamba ya mvuvi ikikatika, mvuvi hupoteza wavu, kisha hulalamika juma zima. Alimshauri mtoto kwa ujuzi aliokuwa nao, na ujuzi huo haukuwa wa miti.

Pétronille alipaka mawese. Rangi nyekundu ya mafuta ilifunika rangi ya moto, na alipoitundika kamba ukutani haikuonekana tofauti na ya jana.

Jumamosi asubuhi Gaspard aliitwa kwenye mti namba kumi na saba. Ulikuwa na tawi kavu, nene kama paja la mtu, lililoning'inia juu ya barabara, na mgeni mkubwa kutoka Bukavu alitarajiwa kupita saa nne. Usiku mvua ilikuwa imenyesha.

«Bwana karani,» alisema Gaspard, «gome la mkaratusi likilowa linateleza kama samaki. Tungoje Jumatatu.»

«Jumatatu hakuna mgeni,» alijibu Sévère.

Gaspard hakubishana. Alifumba macho, akaipitisha kamba kiganjani, mkono baada ya mkono, kama alivyofanya kila mara kabla ya kupanda. Karibu na mwisho vidole vyake vilisimama.

«Hapa pana mafuta.»

«Chupa ya mawese ilinimwagikia, baba,» alisema Pétronille, ambaye siku hiyo hakuwa na shule na alikuwa amembebea ndoo ya lami.

Desturi ya Gaspard, alipokuwa na shaka, ilikuwa kuisokotoa kamba na kuzitazama nyuzi za ndani. Siku ile hakuisokotoa, kwa sababu alikuwa ameshajibiwa, tena na mtu ambaye hajawahi kumdanganya kuhusu kamba.

«Utaifuta vizuri leo jioni, mama,» alisema, akaifunga kwenye mkanda.

Kamba ilipitishwa juu ya panda imara ya mti. Ncha ya pili ilizungushwa mara mbili kwenye shina la mti namba kumi na nane na kushikwa na Manirakiza, msaidizi wake, mtu wa bonde la Ruzizi, upande wa Sange. Gaspard alipanda taratibu, akaketi kwenye tawi bichi lililo jirani na lile kavu, akaanza kukata kutoka chini. Ndivyo inavyotakiwa. Anayeanzia juu huona tawi likivunjika kabla hajamaliza, likachana gome mpaka kwenye shina, naye ameketi papo hapo.

Vumbi la msumeno lilimwangukia Pétronille usoni. Aliinua macho. Hatua mbili juu ya mkanda wa baba yake, pale palipokuwa pekundu, uzi mmoja ulikuwa umefumuka na kusimama peke yake. Akautazama. Uzi wa pili ukafumuka.

Aliitua ndoo.

«Baba Manirakiza! Kamba imeungua!»

«Weye, unasema nini?»

«Iliungua Alhamisi, kwenye makaa ya samaki! Mafuta hayakumwagika, nilidanganya!»

Manirakiza hakuuliza swali la pili. «Gaspard! Acha msumeno! Kumbatia mti, kamba iko mbovu!»

Msumeno ukanyamaza. Gaspard aliitazama kamba juu ya kichwa chake, kisha akamtazama binti yake chini. Aliuacha msumeno ndani ya tawi, akasogea mpaka kwenye shina, akaanza kushuka kwa mikono na magoti, akijitahidi asiielemee kamba. Alifika kimo cha paa la nyumba. Hapo gome lilikuwa laini na bado limelowa, magoti yakateleza, na uzito wake wote ukaangukia kamba kwa mara moja. Ilikatika kwa mlio mdogo, kama ganda la haragwe.

Alianguka juu ya mizizi. Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili.

Lile tawi lilishushwa na upepo kabla ya saa nne, pasipo mtu chini yake. Mgeni alipita saa nane mchana, mapazia ya gari lake yakiwa yamefungwa.

Gaspard alichukuliwa kwa lori, kisha kwa machela, mpaka hospitali ya Lemera, akakaa huko miezi mitatu. Daktari alisema kwamba angeanguka kutoka juu kwenye tawi, asingehitaji daktari. Alirudi nyumbani na fimbo, na mguu mmoja umekuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

Sévère alikuja na fomu. Déogratias naye alikuwapo, ameleta samaki na kuketi ukingoni mwa benchi.

«Shemeji, kosa ni langu,» alisema Déogratias.

«Sehemu yako ipo,» alijibu Gaspard. «Na yangu ipo. Nilipaswa kuzitazama nyuzi.»

«Bwana karani,» alisema Pétronille, «andika kwamba ni mimi.»

Sévère aliitazama fomu. «Sababu za ajali ni tatu: mfanyakazi, kifaa, mti. Mtoto hayumo.»

«Basi andika kifaa,» alisema Gaspard, «na uandike kwamba nimeomba kamba mpya mara tatu.»

«Hilo ni la fomu nyingine.»

Jioni, watu walipoondoka, Pétronille alimwuliza baba yake kama amemsamehe.

«Nimekusamehe,» alisema Gaspard. «Lakini mguu ni huu.»

Mwezi wa Agosti, Manirakiza alipewa kazi ya Gaspard. Asubuhi ya siku ya kwanza Sévère alileta vipande viwili vya ile kamba iliyokatika, kila kimoja kimefungwa kibati chenye namba. Gaspard alikuwa ameketi kando ya barabara na fimbo yake. Manirakiza alivitazama vile vipande, kisha akamwita Pétronille.

«Binti, mikono yako inaijua kamba hii. Ipime.»

Pétronille alifumba macho, akakipitisha kipande kirefu kiganjani. Alisimama, akakisokotoa, akatazama ndani. Watu wa barabarani walikuwa wakimwangalia, na baadhi yao walijua habari ya mawese.

«Hapa pia pameungua,» alisema kwa sauti. «Siku ile sikupaona. Usipande, baba Manirakiza.»

Manirakiza alifungua mkanda, akauweka chini.

«Maneno hayo ni yaleyale ya Machi,» Gaspard alimwambia binti yake. «Tofauti ni moja: leo Manirakiza bado amesimama chini. Kosa lako halikuwa moto, kwa maana moto unaweza kumpata yeyote. Kosa lilikuwa mafuta, na jibu ulilonipa asubuhi ile. Ukweli useme kabla mguu wa mtu haujaondoka ardhini. Ukichelewa, sema hata hivyo, maana ndivyo nilivyobaki hai. Ila usitegemee kwamba aliye juu atafika chini mzima.»

Pétronille alikubali kwa kichwa. Alikikunja kile kipande vizuri, kama alivyofundishwa, ingawa hakikuwa tena na kazi.

Sévère, aliyekuwa amengoja kwa adabu mpaka wamalize, alikunjua karatasi na kusoma:

«Watu wote wa Uvira wanatangaziwa kwamba mti namba kumi na saba, kwa kuhusika katika ajali, umefutwa katika orodha. Kamba ya Halmashauri imeandikishwa kuwa Kamba Namba 1 na Kamba Namba 1 bis, yaani ya pili. Na kwa kuwa Halmashauri sasa ina kamba mbili pale ilipokuwa na moja, ombi la kamba mpya limefungwa.»