Fremu Zetu, Mkopo Wao

Kila asubuhi nawasha mkaa, nainjika shayiri, kisha nakaa kung'arisha fremu za miwani. Mume wangu anakata, mimi nang'arisha. Ndiyo kazi yetu hapa Daegu, Korea Kusini. Kampuni ya Hwagang inazichukua na kuziuza Marekani.

Siku moja mume wangu alirudi kutoka Hwagang mikono mitupu.

"Watalipa baada ya miezi minne," alisema. "Eti tuvumilie, ni kwa ajili ya taifa."

"Na mkopeshaji wetu, naye atavumilia kwa ajili ya taifa?"

Plastiki ya fremu tuliinunua kwa mkopo wa mtaani, wenye riba ya kuua.

"Tuuze mashine," alisema mwishowe.

Tukiuza mashine tutakula nini?

Nilikwenda kwa jirani yangu, Mama Tae-gon. Zamani alikuwa karani wa benki. Alipoolewa wakamwachisha kazi, maana benki zetu hazitaki mke wa mtu. Huo nao ni upuuzi, lakini tuuache.

Nilimkuta akipaka kabichi pilipili. Nilimweleza yote.

"Mama Gyu-cheol, kaa," alisema. "Serikali inataka dola. Kwa hiyo anayeuza nje anapewa mkopo wa benki kwa riba ndogo sana. Akiuza zaidi, anapewa zaidi. Hwagang wamejenga hoteli. Wamenunua kiwanda cha biskuti. Wamepata wapi nguvu hiyo?"

"Kwenye miwani."

"Miwani ya nani?"

Nilitazama vidole vyangu, vyeusi kwa kung'arisha.

"Wao wanakopa benki kwa riba ndogo. Wewe unakopa mtaani kwa riba kubwa, halafu unawapa mali kwa mkopo. Yaani wewe mwenye chumba kimoja unamkopesha mwenye hoteli."

"Wametufanya wajinga!"

"Sasa sikia. Hata anayemtengenezea muuzaji wa nje ana haki ya mkopo ule ule. Hwagang wakupe hati ya agizo kupitia benki, ya kuthibitisha kwamba fremu zako zinauzwa nje. Ukiwa nayo, benki itakukopesha."

"Mbona hawakutuambia?"

"Wakuambie ili iweje? Wakitoa hati, benki itawabana walipe kwa wakati."

Mume wangu alikwenda kuomba hati. Karani wa Hwagang akamcheka. "Mzee, usijisumbue. Wenye karakana wako wengi."

Kweli tuko wengi. Nilipita mlango kwa mlango nikawaeleza wenzetu. Wiki ile, ghafla, mashine za mtaa mzima zikaharibika. Meli ilikuwa inangoja bandarini Busan. Na serikali huhesabu mauzo ya Hwagang kila mwezi. Yakipungua, mikopo yao nayo inapungua. Karani akaja mwenyewe, viatu vimejaa tope.

"Mashine zenu zimepatwa na nini?"

"Zinaumwa," nilimwambia. "Dawa yake ni hati."

Hati zilitoka kwa kila karakana. Benki ikatukopesha. Tulimlipa mkopeshaji wa mtaani, na mashine ikabaki. Mwaka huu tumenunua ya pili.

Juzi redio ilitangaza kwamba tajiri wa Hwagang amepewa nishani kwa kuuza miwani nje. Mume wangu alitaka kuizima.

"Acha," nilisema. "Nataka kusikia kama atatutaja."

Tajiri alishukuru serikali. Akashukuru benki. Akamshukuru mke wake. Kisha wakapiga muziki.