Tumbo la Bibi Sidonie

Kila asubuhi ya likizo ile ya Pasaka, Laurette alipika uji wa mchele, akaumimina katika termosi, kisha akashika njia kutoka mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, hadi hospitali. Bibi yake, Sidonie, alikuwa ameteleza kwenye tuta la shamba la mpunga kule Bwegera akavunjika nyonga. Madaktari walimpasua, wakauunga mfupa. Katika hospitali ile, waganga walitoa dawa na sindano; kulisha, kuogesha na kufua shuka zilikuwa kazi za jamaa. Laurette, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mgonjwa, na alijivunia kazi hiyo kuliko kiti cha mbele darasani.

Shangazi Noella, mtoto wa mwisho wa Bibi, aliuza samaki bandarini Kalundu. Sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajatokea. Lakini moyo wake ulikuwa laini, hakuweza kuvumilia kilio cha mama yake.

"Mama akilia hivi, watu wa salle yote watasema Sidonie hana watoto," alimnong'oneza Laurette mle wodini siku ya kwanza baada ya upasuaji, akampa pakiti ya vidonge vya tramadol, dawa kali ya maumivu, alivyonunua mwenyewe. "Usage mbili mu uji, asubuhi na mangaribi. Na weye usiambie mutu. Waganga wakijua watatugombeza."

Laurette alitii. Maumivu yalipungua, Bibi akalala usingizi mzito, na Laurette akadhani wamemsaidia kweli.

Siku ya nne mambo yaligeuka. Tumbo la Bibi lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Hakupata choo, wala upepo haukumtoka, na kila alichokunywa alikitapika.

"Noella, minye niko nakufa," alisema Bibi.

"Hapana, mama. Choo ndiyo imefunga. Dawa yake iko hapa." Shangazi akatoa kikapuni ile puli, kibofu cha mpira chenye mdomo mwembamba, ambayo nyumba nyingi za Uvira huitumia kusafishia tumbo kwa nyuma, pamoja na chupa ya maji ya majani, tangawizi na pilipili. Alikuwa ameanza kuijaza puli pale Dokta Bienvenu alipoingia na picha ya tumbo mkononi. Shangazi akaificha puli chini ya kitenge chake.

Dokta aliinua picha dirishani. "Angalieni. Huu ni utumbo mpana. Umejaa hewa mpaka karibu kupasuka, lakini sioni kitu chochote kilichouziba. Njia iko wazi." Akamgeukia Shangazi. "Mama, kuna dawa nyingine mlimpa mbali na zetu?"

"Hapana, dokta. Hata moja," alijibu Shangazi upesi.

Dokta alikunja uso. "Basi sijui ni nini kinauzuia kufanya kazi. Uvimbe usipopungua, itabidi tumpasue tena, na kwa umri wake naogopa sana."

Laurette alimtazama Shangazi, naye Shangazi akamkazia macho. Mtoto wa kwao hamwaibishi shangazi yake mbele ya watu. Hilo alilijua tangu utotoni. Lakini pale kitandani Bibi alikuwa akihema kwa shida. Laurette alitetemeka, kisha akasema kwa sauti ambayo salle nzima iliisikia:

"Dokta, minye ndiye nilimupa tramadol. Nilisaga mu uji, siku tatu. Na sasa tulikuwa tunataka kumutia maji ya pilipili kwa nyuma."

"Laurette!" alifoka Shangazi.

"Muache aseme!" Dokta alisogeza kiti, akaketi. Hakugomba. "Ahsante, binti. Sikilizeni. Kule Kalundu, njia ya ziwani ikiwa wazi na mashua ikiwa imefika, lakini wabebaji wote wamelala, mizigo itashuka?"

"Haiwezi," alisema Shangazi kwa sauti ndogo.

"Ndivyo ulivyo utumbo wa mama. Upasuaji na kulala kitandani viliuchosha, na vidonge vile, juu ya vile tulivyompa sisi, vikaulaza kabisa. Damu yake pia imepungukiwa na chumvi ya potasiamu. Na yale maji ya pilipili yangeweza kuutoboa. Angekufa, mama."

Shangazi aliitoa puli chini ya kitenge, akaiweka sakafuni, akalia.

Kazi ikaanza. Dokta alisimamisha vidonge na chakula, akaweka potasiamu ndani ya maji ya mshipani, akapitisha mpira mmoja puani na mwingine nyuma ili hewa itoke. Kisha akachora alama mbili kwenye tumbo la Bibi na kumpa Laurette utepe wa fundi cherehani. "Utapima hapa kila saa, uandike. Na kila baada ya saa mbili, muuguzi akija, mtamgeuza ubavu. Jioni asimame kidogo."

Sentimita mia moja na nne. Mia moja na nne. Mia moja na tatu. Bibi aliwaita watesi, akamwomba Mungu awasamehe, lakini Laurette hakulegea. "Ugeuke, Bibi. Ukinitukana sawa, lakini ugeuke." Shangazi alimshika mama yake kiunoni, muuguzi akaushika mguu, na Bibi akasimama akiegemea fremu ya chuma huku akitetemeka.

Kesho yake utepe ulikuwa bado mia moja na tatu. Dokta aliamua kumpa sindano ya kuuamsha utumbo, akaketi kando akiyachunga mapigo ya moyo kwenye mashine. Dakika kumi zilipita, kisha kumi nyingine. Ghafla upepo ukamtoka Bibi kwa kishindo kilichowashtua hata wagonjwa wa mlangoni. Salle nzima ikapiga makofi. Laurette alipima huku machozi yakimtoka: tisini na sita.

"Municheke tu," alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu.

Shangazi alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, unisamehe. Nilikupenda, nikakosa."

Bibi aliweka mkono kichwani pake. "Najua, mwanangu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Weye ulinipenda kwa kuficha, na mapendo ya kuficha karibu yanizike. Huyu mutoto alinipenda kwa kusema kweli mbele ya watu, hata akitetemeka. Mufanye kama yeye. Muganga hawezi kutibu kitu asichokijua."

Laurette aliukunja utepe, akashika mkono wa Bibi, akamwambia kwamba saa ya kugeuka imefika.