Risasi, Katoni Mbili

Fundi Mawimbi alikuwa na kibanda kimoja, meza moja, na redio arobaini zilizokata roho. Watu walisema anaweza kufufua hata redio iliyozikwa. Mwenyewe hakukanusha. Alidai kuna moja aliitengeneza vizuri kupita kiasi, ikawa inasoma habari za kesho.

Mwezi ule aliishiwa na waya wa kulehemu, ule unaoyeyushwa kuunganisha nyaya. Mafundi wenzake huuita risasi, kwa kuwa una madini ya risasi ndani yake. Akaagiza katoni mbili ng'ambo ya mpaka. Muuzaji akamwuliza kwa simu aandike nini kwenye ankara, yaani karatasi ya mauzo. Mawimbi alikuwa na haraka zake.

"Andika risasi, katoni mbili. Basi."

Lori lililoleta katoni hizo lilibeba pia vifaranga mia mbili wa mama mkwe wake, waliototolewa alfajiri ya siku ya safari. Mama huyo alikuwa amejenga banda kwa mikono yake, akatandika maranda, akawasha na taa ya joto. Aliyemshauri mizigo yao isafiri pamoja ni mkwewe.

Saa tano asubuhi dereva akapiga simu. Lori limezuiwa forodhani. Maofisa wamesoma "risasi", wakajua ni za bunduki. Hakitoki kitu mpaka mzigo wote ukaguliwe. Na jua, alisema dereva, linachoma.

Mama mkwe alikuwepo kibandani, akasikia yote. Hakupandisha sauti. Alimtazama mkwewe toka kandambili hadi kofia.

"Mkwe wangu, binti yangu nilikupa bila karatasi. Vifaranga wangu umewaponza kwa karatasi."

Mawimbi alitamani kuingia ndani ya redio ajifungie. Badala yake alitoka mbio hadi kwa jirani yao, Mama Mihuri. Huyu ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kuwasaidia watu kupitisha mizigo mpakani. Alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha akaivaa, akawa mtu wa kazi.

"Fundi, ofisa hakujui wewe wala meza yako. Anaijua karatasi. Umemwandikia risasi, ulitaka akupigie makofi?"

"Lakini kila fundi huita hivyo."

"Kila fundi wa mtaani kwenu. Mpakani taja kitu ni nini, kimetengenezwa kwa kitu gani, cha kazi gani, na ni vingapi. Ankara na orodha ya mizigo zikubaliane. Tena karatasi zitangulie, lori lifuate."

Akamweleza kwamba ukaguzi si uadui. Ndio unaozuia dawa bandia na silaha kuingia majumbani mwetu. Ila mzigo mmoja ukitiliwa shaka, lori zima husimama, na wote wanaolingoja husimama nalo.

Wakampigia muuzaji. Akatuma ankara mpya: "Waya wa kulehemu vifaa vya umeme, wa bati na madini ya risasi, koili hamsini." Mama Mihuri akaifikisha forodhani pamoja na barua ya kueleza kosa. Akaomba vifaranga wawekwe kivulini.

Kumbe walikuwa kivulini zamani. Cheti chao cha daktari wa mifugo kilikuwa sawa, na ofisa mmoja, mwanamama, alikuwa amewahamishia barazani kwake na kuwanywesha maji kwa vifuniko vya chupa. Alipoisoma ankara mpya, akafungua katoni, akahesabu koili hamsini, akaruhusu lori liende.

Saa kumi na moja jioni vifaranga walishushwa, mia mbili kamili. Mawimbi anaapa kelele zao zilisikika kwenye redio zote arobaini. Mama mkwe alifuta macho kwa upande wa kanga. Akataka kumpelekea yule ofisa kuku wakikua.

"Ofisa hapokei kuku," Mama Mihuri alimkataza. "Mpe asante, inamtosha."

Dereva akaipeleka asante hiyo safari iliyofuata. Safari hiyo karatasi za Mawimbi zilitangulia kwa siku moja, na lori likapita kabla dereva hajamaliza chai yake.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mawimbi alikuta jogoo mlangoni pa kibanda, amefungwa mguuni karatasi yenye mwandiko wa mama mkwe: "Jogoo mmoja, hai, mwekundu, wa kufugwa. Kwa mkwe aliyekimbia kumwokoa alipokuwa kifaranga. Shukrani."

Mawimbi akamgeuza jogoo huku na huku, akasoma tena. Karatasi na mzigo vilikubaliana.