Pumzi ya Pili Kitandani

Mchana kweupe, kwenye skrini ya kiwanda, pumzi zilikuwa mbili. Ilitakiwa iwe moja.

Fundi Sikio, mtu ambaye mota ikiugua kiwanda cha jirani yeye huku anapiga chafya, alikuwa ameiba kidude cha kupimia mtetemo. Vidude vile hubandikwa kwa sumaku kwenye mashine, kompyuta isome, iseme ipi inakufa kabla haijafa. Yeye akabandika chake kwenye kitanda cha chuma nyumbani, amthibitishie mkewe kwamba hakoromi.

Mkewe, muuguzi wa zamu ya usiku, mchana hulala peke yake.

"Wifi ana mgeni," dada wa kompyuta akamtania. "Tena ana mapafu ya nyati!"

Fundi alitoka mbio mpaka kivuli chake kikaomba lifti. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Mkewe akafungua, macho yamezama. Hakuna mtu. Chumba kinanuka grisi iliyoungua.

"Mume wangu," akanong'ona, "nikilala kuna kitu kinanikalia kifuani."

Kesho yake kompyuta ikatoa onyo jekundu: ile pumzi nyembamba, ya mkewe, itasimama kabla ya Ijumaa. Na kompyuta ile haikosei. Ikisema pampu inakufa, pampu inaandika wosia.

Fundi akamleta mganga, mzee aliyefunga majini wengi hata chupa zikaadimika mjini. Mzee akafukiza, akasoma, na kitanda kikaanza kutetema, kwanza miguu, kisha fremu nzima, kikiguna kama beringi kavu, kikiruka na kugonga sakafu huku harufu ya grisi ikiwakaba koo na mke akilia nyuma ya mumewe, mpaka mzee akapiga kelele moja na kila kitu kikanyamaza.

"Katoka," mganga akasema.

Alhamisi mchana, skrini ilionyesha pumzi moja, nzito, tulivu.

"Moja tu, kaka! Wifi kapona!"

Fundi akafuta machozi, akampigia mkewe. Simu ikalia nyuma yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pale kiwandani, ameshika kikapu.

"Usingizi umegoma, nikaona nikuletee chakula," akasema. "Mbona mnaniangalia hivyo?"

Wote watatu wakageukia skrini. Pumzi ikashuka, ikapanda, ikashuka. Kisha mstari ukaruka mara moja na kunyooka.

Kilichokuwa kimelala kimeinuka.